Mtandao wa maji unarefuka, mgao unazidi: mji unaokua utathminiwe vipi?

Swali: Mimi ni diwani na mwenyekiti wa kamati ya huduma za jamii katika mji ambao watu wake wameongezeka karibu maradufu ndani ya miaka kumi na mitano. Kila mwaka mamlaka ya maji hutuletea taarifa nzuri: mabomba yamerefuka, wateja wameongezeka. Mitaani wananchi wanasema mgao umekuwa mkali kuliko zamani. Baraza limeagiza tufanye tathmini ya usimamizi na utawala wa maji. Washauri wametuletea majedwali yenye vigezo vingi hadi tumechanganyikiwa. Tuanze na nini? Huo utawala unapimwaje? Na wenzangu wengi wanataka tupendekeze huduma ikabidhiwe kampuni binafsi. Unaonaje?

Jibu: Mheshimiwa Diwani, nianze na hilo linalowachanganya, kwa sababu ndani yake mna nusu ya tathmini yenu. Mamlaka inasema kweli, na wananchi nao wanasema kweli. Urefu wa mabomba na idadi ya wateja ni hesabu ya vilivyojengwa. Mwananchi anahesabu vingine: saa ambazo bomba linatoa maji, nguvu ya maji hayo, usafi wake na bei yake. Mji ukiongeza maunganisho huku maji yanayozalishwa ni yale yale na yanayovuja hayajapungua, kila mteja mpya anapunguza saa za mteja wa zamani. Taarifa inapendeza, bomba linakauka.

Kwa hiyo kabla ya jedwali lolote, nawashauri mshike maswali mawili na kuyauliza kila mnapokutana na takwimu mbaya. Nani anaumia kwa hali hii? Na nani ana uwezo wa kuirekebisha? Pale ambapo anayeumia na mwenye uwezo hawakutani popote, si kwenye bajeti, si kwenye kikao, si kwenye adhabu, hapo ndipo utawala wa maji ulipovunjika. Ndiyo maana sipendi kuona tathmini yenye sura moja ya "ufundi" na nyingine ya "utawala". Kila tone linalopotea lina ofisi yake.

Mtaanzia kwenye mizania ya maji. Chama cha Kimataifa cha Maji (IWA) kiliweka mwaka 2000 utaratibu unaotumika sasa karibu kila mahali: unachukua maji yote yaliyoingia kwenye mtandao, unatoa yaliyotumika kihalali, na kinachobaki unakigawa mafungu mawili. Fungu la kwanza ni maji yaliyovuja kweli, kwenye mabomba, kwenye matangi, kwenye maunganisho ya nyumba. La pili ni maji yaliyomfikia mtu lakini hayakuonekana kwenye vitabu: dira (mita za maji) chakavu zinazosoma pungufu, maunganisho ya wizi, makosa ya kusoma dira na ya kuandika bili. Kuna pia maji yanayotolewa kihalali bila kulipiwa, kama ya kuzimia moto, ambayo nayo yahesabiwe yalipo.

Swali la kwanza kabisa hapo ni jepesi, na linafichua mengi: je, dira kubwa ya kwenye mtambo wa kutibu maji inafanya kazi, na mara ya mwisho ilihakikiwa lini? Ziko mamlaka zinazokadiria uzalishaji kwa kuzidisha saa ambazo pampu imewaka kwa uwezo ulioandikwa kwenye kibati chake. Pampu iliyochoka haitoi tena kilichoandikwa pale. Mamlaka isipojua imezalisha kiasi gani, asilimia ya upotevu iliyomo kwenye taarifa yake haina msingi, iwe nzuri au mbaya.

Na hata dira ikiwa nzima, msiridhike na asilimia. Wateja wakibana matumizi, asilimia ya upotevu hupanda ingawa hakuna tundu jipya lililotokea. Mji wenye mgao nao huonekana mzuri kuliko ulivyo, kwa sababu bomba lililokauka halivuji. Chukueni mfano wa kubuni. Mji unazalisha mita za ujazo 100,000 kwa siku, una maunganisho 50,000, na yanayovuja ni mita za ujazo 24,000. Hiyo ni lita 480 kwa kila unganisho kwa siku. Lakini kama maji hutoka wastani wa saa 8 tu, kiasi hicho kimevuja ndani ya saa 8. Mji huo ukitaka kutoa maji saa 24 kwa mabomba hayo hayo na kwa nguvu hiyo hiyo, uvujaji utafika kama mita za ujazo 72,000, na wananchi wote wabakiwe na 28,000. Ahadi ya maji ya saa 24 bila kuziba mabomba haitekelezeki. Ikitolewa, mtoaji ama hajapiga hesabu au anatarajia wengine wasipige. Ombeni takwimu ya lita kwa unganisho kwa siku, pamoja na saa za huduma zilizotumika kuikokotoa.

Kipimo kingine kizuri ni mtiririko wa usiku. Eneo moja linafungiwa dira yake, na maji yanayoingia yanapimwa kati ya saa nane na saa kumi usiku, watu wakiwa wamelala. Yanayopita wakati huo kwa sehemu kubwa yanavuja. Ila angalieni: kwenye mtaa wa mgao, matangi ya nyumbani hujaa usiku huo huo, kwa hiyo kipimo kitadanganya msiposubiri hadi matangi yote yajae. Mafundi wazuri wanalijua hilo. Asiyelijua atawaletea takwimu ya kutisha isiyo na maana.

Mafungu yale mawili ya upotevu yana dawa tofauti na wenyewe tofauti. Uvujaji ni kazi ya mafundi na fedha za matengenezo. Upotevu wa vitabuni ni kazi ya idara ya biashara, na hapo siasa inaingia moja kwa moja. Mfano ninaourudia kila ninapoulizwa ni wa Phnom Penh, mji mkuu wa Kambodia. Ek Sonn Chan alipokabidhiwa mamlaka ya maji ya mji huo mwaka 1993, baada ya miaka ya vita, asilimia 72 ya maji yalikuwa hayaleti mapato, na huduma ilikuwa ya kama saa kumi kwa siku kwa sehemu ndogo ya wakazi. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 2000 upotevu ulikuwa umeshuka hadi takriban asilimia 6, na maji yanatoka saa 24. Mabomba yalibadilishwa, kweli, na misaada ya nje ilisaidia. Lakini kazi ya mwanzo ilikuwa ya daftari: kuhesabu wateja upya nyumba kwa nyumba, kufunga dira kwa kila mmoja, kuwaondoa wafanyakazi waliokuwa wakiuza maji kwa mlango wa nyuma, na kuwakatia wakubwa wasiolipa. Katika zoezi hilo alitishiwa bunduki na jenerali mmoja wa jeshi, na bado jenerali huyo alikatiwa maji. Mwaka 1996 serikali iliipa mamlaka hiyo uhuru wa kuajiri, kupanga na kutumia mapato yake.

Watu wengi hutoka Phnom Penh wakitaka kuiga dira na kompyuta. Mimi ningewaomba mwige swali moja: je, mkurugenzi wetu wa maji anaweza kumkatia mkubwa na kesho yake akabaki kazini? Jibu lipo kwenye orodha ya wadaiwa. Iombeni ikiwa imegawanywa kwa makundi: majumbani, biashara, taasisi za umma, na deni la kila kundi lina umri gani. Mkikuta majumbani wanakatiwa baada ya miezi miwili huku taasisi kubwa zikidaiwa miaka, mmepata kipimo cha utawala kilicho wazi kuliko dodoso lolote. Na msishangae baraza lenyewe likiwemo kwenye orodha. Liandikeni.

Baada ya hapo, tokeni ofisini. Wastani wa saa za huduma kwa mji mzima unachanganya mtaa unaopata maji siku nzima na mtaa unaopata mara moja kwa wiki, kisha unatoa namba isiyomhusu yeyote. Pimeni kwenye ncha: nyumba ya mwisho kwenye bomba, nyumba ya juu mlimani. Vifaa vidogo vya kurekodi presha vinaweza kuachwa wiki mbili kwenye bomba na vikaandika kila dakika maji yalipokuja na yalipoondoka. Mkikosa vifaa, wapeni wakazi madaftari. Kisha linganisheni na ratiba ya mgao iliyotangazwa.

Hapo mtakutana na watu ambao mara nyingi hawamo kwenye mchoro wowote wa madaraka, yaani mafundi wanaofungua na kufunga koki kubwa. Kwenye mji wa mgao hao ndio wanaogawa maji kwa vitendo. Wanafuata ratiba ya nani? Wanaandika wapi? Nani huwapigia simu usiku kuwataka wafungue upande fulani? Waulizeni kwa heshima na bila kuwatafutia makosa, kwa kuwa wengi wanabeba lawama ya maamuzi yasiyo yao na wanajua mtandao kuliko ramani. Waswahili husema kuvuja kwa pakacha, nafuu kwa mchukuzi. Bomba likikauka, maboza yanapata kazi, na mwenye kisima anapata wateja. Sisemi kwamba kila mwenye boza ana mkono kwenye mgao, maana bila wao mitaa mingine isingepata maji kabisa. Nasema tathmini isiyouliza nani ananufaika na ukame wa bomba imeacha wazi swali kubwa.

Mgao una hatari nyingine ambayo naomba msiipite. Bomba likiwa limejaa na lina presha, maji husukuma nje kupitia matundu. Likiisha maji, presha hushuka, na kilichoko ardhini, pamoja na maji ya vyoo na mitaro, huweza kuingia kupitia matundu yale yale. Mtambo unaweza kutoa maji safi kabisa na nyumba ikapokea machafu. Ndiyo sababu majibu ya maabara ya pale mtamboni hayatoshi. Shirika la Afya Duniani linataka klorini iliyobaki isiwe chini ya miligramu 0.2 kwa lita maji yanapomfikia mtumiaji, na pasiwe na bakteria wa kinyesi aina ya E. coli katika mililita 100. Chukueni sampuli kwenye ncha za mtandao, katika dakika za mwanzo maji yanaporudi baada ya mgao. Majibu ya saa hiyo ndiyo yanayowahusu watoto wa mtaa huo.

Sasa nije kwenye kasoro ninayoiona kubwa kuliko zote katika tathmini za miji inayokua: kigawanyo, yaani idadi ya watu inayochukuliwa kuwa ndiyo wote. Mamlaka ikisema inahudumia asilimia 80 ya watu, ulizeni asilimia 80 ya watu gani. Mara nyingi ni watu waliomo ndani ya mpaka wa huduma uliochorwa miaka iliyopita, wakati mji ulishauruka mpaka huo. Wanaoukuza mji wako pembezoni, kwenye viwanja visivyopimwa, ambako sharti la kuonyesha hati ya ardhi linawazuia kuunganishiwa. Hao hawamo kwenye kinachohesabiwa wala kwenye kigawanyo. Chukueni picha za karibuni za setilaiti, wekeni juu yake ramani ya eneo la huduma, mtaona wenyewe. Umoja wa Mataifa ulitambua maji safi na usafi wa mazingira kuwa haki ya binadamu Julai 2010, na haki hiyo haikufungwa kwenye hati ya kiwanja. Kama sharti hilo liko kwenye kanuni zenu ndogo, baraza lenu lina uwezo wa kuliondoa, na huo ni uamuzi usiohitaji mkopo wala mkandarasi.

Bei nayo ipimwe mkononi mwa mnunuzi. Kitabu cha bei kinaweza kuonyesha kwamba fungu la kwanza la maji linauzwa kwa bei nafuu ili kumsaidia maskini. Lakini familia sita zinazotumia bomba moja zinahesabiwa kama mteja mmoja, zinalimaliza fungu la nafuu siku za mwanzo wa mwezi na kupandishwa kwenye fungu la bei ya juu. Nafuu inamwangukia mwenye nyumba yake peke yake na dira yake peke yake. Na asiye na bomba kabisa ananunua kwa ndoo, kwa bei inayozidi ya bomba mara nyingi kwa lita ile ile. Pitieni vioski na maboza, andikeni bei ya lita, iwekeni kwenye jedwali moja na bei rasmi. Sijui jedwali lingine linalobadilisha mjadala wa baraza upesi kama hilo.

Visima nitavigusa kwa ufupi. Mtandao ukishindwa, watu huchimba, na kila mmoja akichimba pasipo hesabu, maji ya ardhini hushuka. Jakarta na Mexico City zimekuwa zikididimia kwa miongo kwa sababu hiyo. Ulizeni nani anatoa vibali vya visima, nani anaandika vinachota kiasi gani, na kama mamlaka ya maji ya mji ina nakala. Kwa kawaida mtakuta vibali viko ofisi moja na madhara yako nyingine.

Majitaka yanahitaji muda mrefu zaidi ya huo, kwa sababu ni hapo tathmini nyingi za "maji" hukoma kabla ya wakati. Sehemu kubwa ya maji yanayoingia nyumbani hutoka tena yakiwa machafu, na ukiongeza moja bila kuandaa njia ya jingine umeongeza uchafu mitaani. Katika miji mingi inayokua watu wengi hawako kwenye bomba la majitaka. Wanatumia vyoo vya shimo na mashimo ya karo. Basi asilimia ya waliounganishwa na bomba la majitaka haisemi mengi. Chorini mtiririko wa kinyesi cha mji mzima: kinachohifadhiwa salama shimoni, kinachonyonywa na magari, kinachofika kwenye mabwawa ya kutibu, na kinachoishia mtaroni na mtoni. Njia moja ya kuhakiki ni kuhesabu magari ya kunyonya topetaka yaliyopo mjini, safari ambazo wenyewe wanasema wanafanya, na safari zilizoandikwa getini kwenye mabwawa. Tofauti kati ya namba hizo imemwagwa mahali fulani.

Na rudini kwenye yale maswali mawili. Shimo ni la mwenye nyumba. Gari ni la mfanyabiashara. Bwawa ni la mamlaka ya maji, mtaro ni wa baraza, mto uko chini ya ofisi ya mazingira, na kipindupindu kikizuka mzigo ni wa idara ya afya. Idara ya afya ndiyo inayoumia, na haina uwezo juu ya hata kiungo kimoja cha mnyororo huo. Singapore ilitatua sehemu ya tatizo la namna hii mwaka 2001, ilipohamishia majitaka na mifereji ya mvua kwenye PUB, bodi ya umma iliyokuwa tayari inasimamia maji safi. Chombo kimoja kilipokuwa na mzunguko wote mkononi, kutibu maji yaliyotumika na kuyarudisha kwenye matumizi kulikuwa uamuzi wa ndani ya nyumba moja, na mwaka 2003 maji hayo yalizinduliwa kwa jina la NEWater. Si kila mji unaweza kuunganisha ofisi zake, wala sipendekezi mvunje chombo ili kujenga kingine. Lakini mnaweza kuuliza: kikao cha mwisho cha ofisi hizo zote kilifanyika lini, na muhtasari wake uko wapi?

Chanzo cha maji nacho mara nyingi kiko nje ya mpaka wa mji. Cape Town ulikuwa mji wenye wataalamu na vitabu safi, na bado mwanzoni mwa 2018 ulikuwa ukihesabu siku kuelekea kufungwa kwa mabomba, baada ya miaka mitatu ya ukame. Mabwawa yanayoulisha yanatumiwa pia na kilimo, na baadhi ya makubwa, likiwemo Theewaterskloof, yako chini ya serikali kuu. Wakazi waliwekewa kikomo cha lita 50 kwa mtu kwa siku, na matumizi ya mji yakashuka kutoka karibu lita milioni 1,200 kwa siku mwaka 2015 hadi karibu milioni 500. Siku ile haikufika. Kwenu swali ni hili: upo mpango ulioandikwa unaosema kina cha bwawa au mto kikishuka hadi wapi, hatua gani inaanza, na nani anaitangaza? Kama hatua hizo zinasubiri hekima ya kiongozi wa siku hiyo, zitachelewa, hasa ukame ukiangukia mwaka wa uchaguzi.

Sasa mmeuliza utawala unapimwaje. Majedwali ya washauri wenu nayaheshimu. Kanuni 12 za utawala wa maji za OECD (Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo) za mwaka 2015 ni orodha nzuri ya kuhakikisha hamjasahau kitu. Mbinu ya City Blueprint, iliyotokea Uholanzi, ina sehemu ya uwezo wa kiutawala yenye masharti 9 na vigezo 27, kila kimoja kikipewa alama, na imetumika katika miji mingi duniani. Zitumieni. Ninachowaonya ni kujumlisha alama na kutafuta wastani. Mji unaweza kupata alama za juu kwa sera na mikutano, ukapata sifuri kwa uwezo wa kumwajibisha mtu, na wastani ukasema hali ni ya kuridhisha. Katika mnyororo wa maji kiungo kilichokatika hakifidiwi na viungo vizima.

Njia ninayoiamini zaidi ni kufuata matukio. Chagueni matatu yaliyokwisha tokea: kwa mfano kupasuka kwa bomba kuu, badiliko la bei, na uvamizi wa eneo la chanzo. Kwa kila tukio, tafuteni karatasi. Nani alijua kwanza, tarehe gani? Alimwandikia nani? Jibu lilichukua siku ngapi? Fedha zilitoka kifungu kipi? Nani alilipa hasara, na kuna aliyeulizwa? Watu wakihojiwa kuhusu utawala kwa ujumla watawapa majibu mazuri, tena kwa nia njema. Tukio lililoandikwa tarehe halina adabu hiyo, linaonyesha mambo yalivyokwenda. Kwenye badiliko la bei angalieni hasa muda: bei ilibadilishwa lini mara ya mwisho, ombi lilikaa wapi, na kwa miaka hiyo yote mamlaka ilifidiaje pengo. Mara nyingi ilifidia kwa kuacha matengenezo. Hilo ndilo linalofanya kipimo cha mapato kulingana na gharama za uendeshaji kihitaji tahadhari: mamlaka isiyotengeneza chochote huonekana inajitosheleza. Kipimo hicho kisomwe pamoja na kiasi kilichotumika kwenye matengenezo na deni la umeme wa pampu.

Kuhusu kampuni binafsi, nitasema wazi ninavyoona. Historia haiwapi wenzako jibu wanalolitaka, wala haiwapi wapinzani wao. Phnom Penh ilifanikiwa ikiwa ya umma. Paris ilikaa miaka 25 na kampuni mbili binafsi, kisha mwaka 2010 ikarudisha huduma mikononi mwa mji, na mwaka uliofuata ikapunguza bei kwa asilimia 8. Dar es Salaam iliingia mkataba na kampuni binafsi ya City Water mwaka 2003 na kuuvunja 2005. Cochabamba, nchini Bolivia, mkataba ulifutwa mwaka 2000 baada ya bei kupanda ghafla na watu kuingia barabarani. Manila, mji mkuu wa Ufilipino, inafundisha zaidi kwa sababu mwaka 1997 mji uligawanywa sehemu mbili, kampuni mbili, mikataba ya namna moja. Ya mashariki ilistawi. Ya magharibi ilibebeshwa sehemu kubwa zaidi ya deni la fedha za kigeni, sarafu ikaporomoka mwaka huo huo, ikazama kwenye madeni hadi ikabadilisha wamiliki. Aina ya mmiliki ilikuwa moja, matokeo mawili.

Kwa maoni yangu swali la nani amiliki lisubiri. Ulizeni kwanza: malengo ya huduma yanawekwa na nani, takwimu zinahakikiwa na nani asiye na maslahi, na lengo likikosekana kinatokea nini. Baraza lisiloweza kupata orodha ya wadaiwa kutoka kwa mamlaka yake lenyewe halitaipata kutoka kwa kampuni yenye mawakili. Kama tathmini yenu itaonyesha kwamba usimamizi huo upo na unafanya kazi, mkataba wa aina fulani, hata mdogo wa kutafuta mivujo na kulipwa kwa kilichookolewa, unaweza kujadiliwa. Kabla ya hapo nisingeupendekeza.

Mwisho, utaratibu. Kamati isijitathmini peke yake na mamlaka isijitathmini peke yake: changanyeni wahandisi wa mamlaka, afisa afya, mtu wa hesabu kutoka nje, na wakazi wa mitaa mliyopima. Matokeo yasomwe kwenye mitaa hiyo kabla hayajafika barazani, maana wao watawaambia mlipokosea. Wekeni kumbukumbu ya kila sehemu mliyopima, saa na tarehe, ili mwakani kipimo kirudiwe pale pale katika msimu ule ule. Na mkiomba hati mkanyimwa, msiiache nafasi wazi kwenye ripoti. Andikeni mliomba nini, lini, kwa ofisi gani, na jibu mlilopewa, kisha ripoti ichapishwe hivyo hivyo.